Mto Hupimwa Mvua Ikinyesha

Mhadhara kwa wakazi wa Lubumbashi, kabla ya majira ya mvua

Wazee wetu, akina mama wa bustani mlioacha matuta yenu jioni hii, wanafunzi mliojaa kule nyuma: naomba tuanze na hesabu ya shule ya msingi. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja kamili ya maji. Mvua kubwa ya alasiri moja, tuseme milimita 40, ikianguka juu ya hekta moja, inatoa lita 400,000. Hekta moja haifiki viwanja viwili vya mpira. Lubumbashi hupata kama milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Oktoba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba mbingu hufunga. Linalobaki ni vumbi.

Vumbi hilo mnalijua. Miezi mitano linalala juu ya mabati, juu ya majani ya mwembe, kando ya barabara ya Likasi ambako malori ya mawe ya shaba na kobalti yanapita usiku na mchana, ndani ya kanivo, yaani mifereji ya barabarani, zilizokauka, kwenye uwanja wa gereji ambako mafuta machafu humwagwa chini, kwenye uga wa depo zinazonunua mawe ya wachimbaji wa mkono. Hakuna kinacholiondoa. Upepo unalihamisha tu kutoka ua mmoja hadi mwingine. Kisha siku moja ya Oktoba au Novemba wingu linakuja kutoka upande wa Kipushi, na kwa nusu saa kila kilichokusanyika tangu Mei kinaanza safari ya pamoja kuelekea mtoni.

Kila mama anayekinga maji ya paa anajua la kufanya siku hiyo. Mvua ya kwanza haikingwi. Ndoo inawekwa pembeni, mabati yanaachwa yaoshwe, na maji yale ya kahawia yanaachwa yaende zake. Hakuna profesa aliyemfundisha. Aliona rangi, akaonja, akaelewa. Nimekuja kuwaambia kwamba jiji letu zima ni paa moja. Maji yale ya kwanza, ambayo hakuna mama anayethubutu kuyaweka kwenye sufuria yake, yote yanaingia katika mto Lubumbashi, katika Naviundu, katika Kafubu. Na siku hiyo hiyo, iliyo muhimu kuliko zote, ndiyo siku ambayo karibu hakuna mtu anayekwenda mtoni na chupa.

Mto huu ndio uliolipa jiji jina lake la leo. Kabla ya kuwa Lubumbashi, watawala wa Kibelgiji waliliita Élisabethville. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa katika tanuri lililojengwa kando ya mto. Lilijengwa pale kwa sababu kiwanda cha kuyeyushia shaba kinahitaji maji mengi, na maji yalikuwa pale. Mawe ya mwanzo yalitoka mgodi wa Étoile, tunaouita Kalukuluku. Baadaye ukaja utajiri wa Kipushi, mawe yenye salfa nyingi, na moshi wake ukawa mkali zaidi. Baada ya uhuru Union Minière ilitaifishwa, ikawa Gécamines, ile ambayo watu wetu waliiita baba na mama kwa sababu ilitoa unga, shule na hospitali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tanuri likazimika. Dohani imebaki, na kilima cheusi kimebaki chini yake: mavi ya shaba ya karibu karne nzima, yenye kobalti ya kutosha hata kikajengwa kiwanda kingine, kile cha STL, kuyeyusha upya kile ambacho wa zamani walikitupa.

Watu hukitazama kilima hicho na kudhani sumu yote iko humo. Tatizo limetawanyika kuliko hapo. Upepo wetu wa kiangazi huvuma sana kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa miaka mingi uliangukia upande wa kaskazini-magharibi, na ardhi ya huko ikapokea shaba, risasi, zinki, kadimiamu na aseniki, mwaka baada ya mwaka, hadi miti ikafa na udongo ukabaki uchi. Nendeni Penga-Penga mkaone. Wenzetu wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, wakishirikiana na Wabelgiji wa Gembloux na Brussels, wamejaribu kupanda pale jani dogo liitwalo Microchloa kunthii, ambalo linavumilia shaba, ili angalau udongo ufunikwe na mvua isiuchukue. Nawaheshimu sana kwa kazi hiyo. Wao walielewa mapema kwamba tanuri likizimwa, mvua inaendelea kusafirisha. Udongo uliopokea moshi wa mwaka 1950 bado unaingia mtoni kila mvua inaponyesha.

Na juu ya urithi huo wa zamani tumeongeza wetu. Viwanda vya leo haviyeyushi kwa moto tu. Vingi vinaloweka mawe katika asidi ya salfuriki, kisha vinatoa shaba na kobalti katika maji hayo makali. Mabaki hukaa katika mabwawa. Bwawa linahitaji ukuta imara, na zaidi ya yote linahitaji nafasi tupu juu yake ya kupokea mvua. Novemba 2025 tuliona kinachotokea mambo yakienda kombo: maji ya kiwandani yalimwagika kutoka eneo la kampuni ya CDM yakaingia katika mitaa ya watu, na Waziri wa Madini, Louis Watum Kabamba, akasimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi mitatu. Picha zilizunguka dunia. Mimi naomba tukumbuke tarehe: mwanzoni mwa Novemba, mlangoni mwa majira ya mvua. Tukio kama hilo linaonekana kwa macho, linaitisha waandishi na mawaziri. Mtiririko wa kila mvua hauitishi mtu, ingawa unapita kwenye mlango ule ule.

Sasa niseme jambo linalonihusu. Kwa miaka mingi nilipima mto huu vibaya. Nilikwenda Julai, asubuhi, barabara ikiwa kavu, maji yakiwa maangavu, na wanafunzi wangu wakiwa na viatu safi. Tulijaza chupa, tukapeleka maabara, tukapata namba ambazo hazikumtisha mtu, na tukaziandika kwa uaminifu. Siku moja mama mmoja anayelima lengalenga kando ya mto alisimama akatutazama, akaniambia: “Mwalimu, unakuyaka kupima mayi wakati inalala. Kuya siku inaamuka.” Nilikuwa na shahada tatu, na sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimeacha kuamini ripoti yoyote ya mto inayoonyesha namba bila kuonyesha tarehe, saa na hali ya mvua.

Tazameni kwa nini. Chukueni mfano wa kubuni, namba rahisi tu. Siku kavu ya Julai, mto unapitisha lita 500 kwa sekunde, na kila lita ina miligramu 0.1 ya shaba. Zidisheni: kwa saa moja imepita shaba ya gramu 180, haijazi hata kiganja. Sasa mvua inanyesha. Mto unapitisha lita 2,550 kwa sekunde, na kila lita ina miligramu moja. Kwa saa moja zimepita kilo tisa na zaidi. Ni mto ule ule, daraja lile lile, na chupa ya ukubwa ule ule, lakini shaba iliyopita ni mara 51. Anayepima Julai hakudanganya. Alipima kitu kingine.

Ndiyo maana namba iliyo ndani ya chupa haitoshi. Tunahitaji pia kujua mto ulikuwa unapitisha kiasi gani. Kwa hilo hatuhitaji mashine ya Ulaya. Chungwa linatosha. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisumbui, na likipotea hakuna hasara. Pimeni mita kumi kando ya mto, angusheni chungwa juu, hesabuni sekunde. Likitumia sekunde 20, maji ya juu yanakwenda nusu mita kwa sekunde. Maji ya chini hukwama kwenye mawe na tope, kwa hiyo zidisheni kwa 0.85. Mto ukiwa na upana wa mita sita na kina cha mita moja, mnapata zile lita 2,550 za mfano wangu. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaweza kuifanya kazi hii, na vijana wa mtaani wanaweza kuifanya vizuri kuliko wao, kwa sababu wanakaa pale.

Ugumu ni usiku. Mvua haiulizi ratiba, na hakuna anayemtuma mtoto wa mtu kusimama kwenye ukingo unaobomoka saa nane za usiku. Kwa hiyo tunasimika mti imara mtoni wakati wa kiangazi, na juu yake tunafunga chupa kadhaa za plastiki, moja juu ya nyingine. Kila chupa ina kizibo chenye mirija miwili: mmoja wa chini unaingiza maji, mwingine wa juu unatoa hewa. Mto unapopanda na kufikia mrija wa chini, chupa inajaa yenyewe. Ikishajaa, inaacha kupokea. Asubuhi tunakuta chupa ya chini ina maji ya mwanzo wa mafuriko, ya katikati ina yale yaliyofuata, na ya juu ina yale ya kilele. Ni kama kumweka mlinzi mtoni usiku kucha bila kumhatarisha mtu. Chupa iwe ya plastiki iliyosafishwa, kisha maji yatiwe matone ya asidi ya nitriki safi haraka iwezekanavyo, kwa sababu metali hupenda kujishika kwenye kuta za chupa. Yakikaa wiki nzima bila asidi, maabara itapima maji yaliyoacha sehemu ya sumu yake ukutani.

Jambo la pili ambalo ripoti nyingi huliruka: maji ya mvua yana metali za aina mbili. Kuna zilizoyeyuka kabisa kama chumvi kwenye mchuzi, na kuna zilizopanda juu ya chembe za udongo kama abiria juu ya lori. Ukichuja maji kwa chujio laini kabla ya kupima, unawahesabu waliomo majini tu, na abiria wote unawatupa pamoja na tope. Kwa samaki wa leo, zilizoyeyuka ndizo hatari ya haraka. Kwa mama wa bustani na kwa watoto wake, lile tope ndilo hadithi ndefu, kwa sababu mafuriko yanalitandaza juu ya matuta na linabaki hapo. Basi tupime mara mbili, maji yaliyochujwa kabla ya kutiwa asidi na yasiyochujwa, na baada ya mvua tuchukue pia mashapo ya chini. Watafiti wa UNILU wamekwisha kupima mashapo ya Naviundu, Luano na Ruashi. Tuna msingi wa kujengea juu yake.

Nimesikia hoja moja mara nyingi, na haistahili dharau: kwamba Katanga ni nchi ya shaba, na shaba ilikuwa udongoni kabla ya tanuri la kwanza. Ni kweli. Mababu zetu, walaji wa shaba kama walivyoitwa, waliitafuta kwa kufuata vilima visivyoota miti na kwa kuangalia maua yanayoipenda, kama lile ambalo wataalamu wa mimea huliita Haumaniastrum katangense. Miamba yetu ya dolomiti pia huyafanya maji yawe magumu na hupunguza makali ya asidi. Kwa hiyo namba ya shaba ikipatikana mtoni, mtu ana haki ya kuuliza: ni ya asili au ni ya kiwanda? Lakini jibu lake halihitaji ubishi. Chupa moja juu, kabla mto haujaingia mjini. Ya pili darajani katikati ya mji. Ya tatu chini ya kilima cheusi. Ya nne kabla Lubumbashi haijaungana na Kafubu. Zote usiku mmoja, mvua moja. Kama shaba ni ya asili, chupa ya juu itaionyesha. Kama inaongezeka kati ya chupa mbili, basi mwenye kuiongeza yuko kati ya chupa hizo.

Na tuwe wakweli, atakayeonekana pale si mwenye kiwanda peke yake. Tutaona vyoo vya shimo vilivyojaa ambavyo watu huvifungulia kwenye kanivo wakati wa mvua, wakitegemea giza na maji mengi. Kipindupindu kimelijua jiji hili mara nyingi, na njia hiyo ndiyo mojawapo inayopitia. Tutaona mafuta ya gereji na chupa za plastiki zinazoziba mifereji ya komuni zetu za Kenya na Katuba hadi maji yanaingia vyumbani. Natumaini hakuna atakayeondoka hapa akidhani nimekuja kumpa kidole cha kumnyoshea mtu mwingine tu.

Lakini kwa metali uzito hauko sawa, na miili yetu imekwisha kutoa ushahidi. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa hapa UNILU, pamoja na Benoît Nemery wa Leuven na wenzao, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Walikuta kobalti ya kiwango ambacho, kwa maneno yao, hakikuwa kimewahi kuripotiwa popote duniani kwa watu wa kawaida, watu wasiofanya kazi kiwandani. Wanaokaa chini ya kilomita tatu kutoka migodi au viwanda walikuwa nayo nyingi zaidi, na watoto kuliko watu wazima. Mtoto hali mawe. Inaingia kwa vumbi, kwa mikono, kwa chakula, kwa maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba katika maji ya kunywa, miligramu 2 kwa lita, na cha aseniki na risasi, mikrogramu 10 kwa kila moja. Kwa kobalti halijaweka kikomo. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na hatuna namba ya kumwonyesha mzazi. Hili linaniuma, nalisema waziwazi. Namba hiyo lazima itafutwe na wale wanaoishi na kobalti, kwa sababu wengine hawana haraka.

Sheria ninaipitia upesi. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Tuna sheria ya mazingira ya 2011, sheria ya maji ya 2015, na Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018, inayomtwika mwenye mgodi wajibu wa madhara yatokanayo na kazi yake. Karatasi tunazo. Hakimu akiuliza mto ulikuwaje usiku ule, sheria haina jibu; chupa ndiyo inalo, ikiwa na tarehe, saa, sahihi ya aliyeijaza na sahihi ya kila aliyeishika hadi maabara. Marekani walijifunza hivyo. Kati ya 1978 na 1983 walipima maji ya mvua ya mijini katika maeneo 28, na baada ya matokeo hayo, mwaka 1987, Bunge lao likaiingiza mifereji ya mvua katika sheria ya maji safi. Walianza kwa kusimama mvuani.

Matokeo yakitoka, yawekwe wapi? Mimi sitaki yalale kabatini mwangu wala katika ofisi yoyote. Yaandikwe kwa rangi kwenye nguzo ya daraja, yasomwe redioni kwa Kiswahili chetu, yapelekwe kwa akina mama wa bustani kabla ya kupelekwa kwenye mkutano wa wataalamu. Yule mama aliyeniambia mto unalala aliniuliza baadaye swali ambalo bado nalibeba: “Basi mvula ya kwanza ikipita, nitangoja siku ngapi mbele ya kumwangilia?” Nilimwambia asitumie maji ya kahawia, achote kwenye kisima kilicho juu ya ukingo, na mboga zilizofunikwa na tope azioshe mara nyingi kwa maji safi. Kuhusu siku, nilimwambia sijui, na kwamba nitajua baada ya misimu miwili ya kupima kwa njia hii. Ananisubiri.

Si yeye tu. Maji haya hayaishii Kafubu. Kafubu inaingia Luapula, Luapula inaingia ziwa Mweru, na kutoka huko huja samaki wa Kasenga ambao wameilisha Lubumbashi tangu enzi za Wagiriki waliowaleta kwa malori wakiwa juu ya barafu. Mnaponunua samaki sokoni Jumamosi, mnanunua kutoka kwenye maji ambayo sehemu yake ilipita chini ya dirisha lenu.

Pale mezani kuna chupa 60 zilizosafishwa, kalamu za wino usiofutika, kamba, na karatasi za kujaza. Miti minne itasimikwa kabla Oktoba haijaanza: wa juu nje ya mji, wa daraja, wa chini ya kilima, na wa mwisho karibu na Kafubu. Kila mti unahitaji watu watano wanaokaa jirani nao, atakayeamka alfajiri baada ya mvua na atakayempokea asipokuwepo. Kwa daraja majina yamekwisha kutimia. Kwa mti wa chini ya kilima tuna mawili tu. Anayekaa upande huo aje mbele, tuandikishane.